Ibn Khafaja, Mshairi wa Mabustani na Mlima

Ndugu zetu wengi, wakisikia latajwa jina la mshairi, hugawanyika mafungu mawili. Wako wasemao kwamba ushairi wote ni upuuzi, na kuwa mtu wa dini hapaswi kuupotezea wakati wake. Na wako waupendao mno, hata humsamehe mshairi kila alisemalo maadamu vina vyake vyapatana na mizani haikupunguka. Sisi twaona mafungu yote mawili yamekosea njia. Katika Sura ya Washairi Mwenyezi Mungu amewalaumu wale watangao ovyo na kusema wasiyoyatenda, kisha papo hapo akawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Na Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari ndani ya msikiti apate kusoma mashairi yake. Basi la kuuliza ni haya: mshairi huyu alikula jasho lake au alikula sifa za watu? Macho yake aliyatumia kutazama nini? Na mwisho wa safari yake alifika wapi?

Kwa maswali hayo matatu twataka leo kueleza maisha ya Abu Is-haq Ibrahim bin Abil-Fat-h bin Khafaja, ambaye watu wa Andalus walimpa lakabu ya Al-Jannan, yaani mtunza bustani. Hakupewa jina hilo kwa kuwa alishika jembe kwa mshahara. Alipewa kwa kuwa hapakuwa na mtu katika nchi ile aliyezieleza bustani, mito, miti na maua kama alivyozieleza yeye. Walimfananisha pia na Abu Bakr As-Sanawbari wa Halab, aliyekufa mwaka 334 wa Hijra (945), mshairi wa Mashariki aliyesifika kwa kueleza maua na majira, wakamwita Ibn Khafaja Sanawbari wa Andalus.

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, nao ni 1058 wa Miladi, katika mji wa Jazirat Shuqr, yapata kilomita 40 kusini ya Balansiya, upande wa mashariki wa Andalus. Mji huo uko hata leo katika nchi ya Hispania, na wenyewe huuita Alzira. Neno lenyewe ni letu, ni al-jazira, kisiwa, kwani mto Shuqr uliuzunguka mji karibu pande zote kabla ya kushika njia kwenda baharini. Waislamu wa nchi ile walikuwa hodari wa kuongoza maji. Waliyapandisha kutoka mitoni kwa magurudumu yaliyozungushwa na nguvu ya mkondo au na wanyama, wakayapeleka kwa mifereji mpaka kila shamba likapata zamu yake. Palipokuwa pakavu pakawa na mikomamanga, mizabibu, mitini na midanzi. Kijana Ibrahim alilelewa katikati ya neema hiyo, akaona kwa macho yake namna maji machache, yakiongozwa kwa uadilifu, yanavyoifufua ardhi iliyokufa.

Lakini tusidhani kwamba zama zile zilikuwa za raha. Ukhalifa wa Bani Umayya wa Qurtuba ulikuwa umekwisha vunjika mwaka 422 wa Hijra (1031), na nchi ikagawanywa vipande vipande. Kila mji ulikuwa na mfalme wake, na kila mfalme alijipa lakabu kubwa kuliko nchi yake. Hao ndio walioitwa Muluk at-Tawaif, wafalme wa makundi. Waliogombana wao kwa wao, na wengine wakawalipa wafalme wa Kikristo wa kaskazini ili wawasaidie kupigana na Waislamu wenzao. Na walipokuwa hawana ushindi wa kujisifu, walinunua sifa. Mshairi aliyejua kazi yake aliweza kutoka mji huu kwenda mji ule, leo akimwita huyu simba na kesho akimwita adui yake bahari ya ukarimu, na kila mlangoni akapokea mfuko wa dinari, kanzu na farasi. Biashara hiyo ilikuwa na soko kubwa, na wengi wenye vipawa walifilisika humo, tena kwa kufilisika kulikobaya kuliko kufilisika mali.

Ibn Khafaja alikuwa na kipawa kuliko wengi wao, na wafalme hao walikuwa na tamaa ya watu wa adabu. Lakini hakuwaendea. Ibn Bassam, aliyeishi zama zake na kuandika khabari za watu wa adabu wa Andalus katika kitabu chake Adh-Dhakhira, amelitaja jambo hilo waziwazi, na Ibn Khallikan akalinakili baadaye: kwamba mtu huyu alikaa mashariki ya Andalus wala hakujipeleka kuomba kwa wafalme wa makundi, juu ya pupa yao ya kuwataka watu kama yeye. Alikuwa na shamba lake, na shamba likimtosha. Hapa ndipo tunapoliona jibu la swali letu la kwanza. Mtu ambaye riziki yake haimo mkononi mwa mtawala haoni haja ya kumpaka mafuta. Na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtazama usoni ajue leo amefurahi au amekasirika, macho yake yalibaki huru, akayageuza yakatazama viumbe vya Mwenyezi Mungu.

Katika ujana wake alitazama kwa jicho la kijana. Alieleza bustani wakati wa asubuhi, danzi likining'inia juu ya tawi, ua likifunguka, mto ukipinda katika majani, moto ukiwaka usiku wa baridi, farasi, mbwa-mwitu, mwezi na umeme. Kazi yake ilikuwa ya mtu mwenye subira. Hakutosheka kusema kuwa ua ni zuri, bali alilitafutia mfano, kisha mfano juu ya mfano, mpaka ua likawa kama mtu, na mtu akawa kama ua. Yeye mwenyewe ameeleza katika dibaji ya diwani yake kwamba alijifunza kwa kusoma mashairi ya watu wa Mashariki, miongoni mwao Ash-Sharif Ar-Radhi, Mihyar Ad-Daylami na Abdul-Muhsin As-Suri. Aliyakiri madeni yake, na hiyo ni sifa ya mtu mwenye ilimu.

Wala hatutaficha upande wa pili, kwani kueleza maisha ya mtu kwa kuacha makosa yake ni aina nyingine ya sifa za kununuliwa. Al-Fat-h bin Khaqan, aliyemjua, amesema kuwa Ibn Khafaja katika ujana wake alilegeza hatamu, akafuata anasa. Mashairi yake ya siku zile yana vikombe vya ulevi na mikesha isiyopendeza. Na katika beti zake zinazojulikana sana aliisifu Andalus mpaka akavuka mpaka, akaifanya nchi hiyo kuwa ndiyo Pepo, na akadai kwamba lau angepewa kuchagua, angeichagua hiyo. Beti hizo zilienea kila mahali, na hata leo watu huzisoma kwa furaha. Sisi twasema kuwa hilo ni neno la mshairi aliyelewa uzuri wa nchi yake. Kuipenda nchi si haramu, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliipenda Makka akaondoka nayo moyoni. Lakini bustani ya dunia ni dalili ya Pepo, na mwenye kuishika dalili akaacha kile kinachoonyeshwa ni kama msafiri anayekumbatia jiwe la njiani lililoandikwa jina la mji, akadhani amekwisha fika.

Na haukupita wakati mrefu Mwenyezi Mungu akaonyesha bustani hizo ni kitu gani. Mwaka 478 wa Hijra (1085) mji mkubwa wa Tulaytula ulichukuliwa na Alfonso wa Sita, mfalme wa Qashtala. Wafalme wa makundi wakaingiwa na hofu, wakamwita Yusuf bin Tashfin, amiri wa Murabitun, akavuka bahari kutoka Maghrib, na mwaka uliofuata, 479 (1086), akamshinda Alfonso katika vita vya Zallaqa. Lakini mashariki ya Andalus haikupona. Rodrigo Díaz, jemadari wa Qashtala ambaye Waislamu walimwita Al-Qanbiyatur, aliuzingira mji wa Balansiya mpaka watu wakaliwa na njaa, akaingia mwaka 487 (1094). Kadhi wa mji, Ibn Jahhaf, ambaye ndiye aliyekuwa akiuongoza, alichomwa moto akiwa hai mwaka uliofuata. Al-Qanbiyatur akafa mwaka 1099, na watu wake wakaushika mji mpaka 495 (1102), ndipo walipotoka kwa kuwaogopa Murabitun, na walipokuwa wakitoka wakautia moto.

Ibn Khafaja alikuwa na miaka 36 ya Miladi mji ulipochukuliwa, na 44 ulipoachwa nao ni majivu. Huu haukuwa mji wa mbali aliousikia kwa wasafiri. Ulikuwa ni mji mkuu wa jimbo lake, na mto wake na mabustani yake yalikuwa ni maneno ya mashairi yake. Alitunga beti akausemesha mji huo ulioteketea, akaeleza namna panga na moto zilivyofuta uzuri wake, na namna atazamaye anavyosimama akazingatia na kulia. Watu wa pwani hii wanaowajua washairi wetu waliosimama mbele ya majumba yaliyogeuka makao ya popo watafahamu moyo wake ulikuwaje. Yule yule aliyeona Pepo katika miti alisimama sasa juu ya majivu ya miti hiyo hiyo.

Baada ya hayo yote alikaa zama akiwa ameuacha ushairi. Ameyataja mwenyewe katika dibaji yake, kwamba aliuweka kando kama mtu aliyemaliza shughuli. Aliyemrudisha ni kuja kwa Amiri Ibrahim, mwana wa Yusuf bin Tashfin, kuwa liwali wa mashariki ya Andalus. Ibn Khafaja akamtungia mashairi ya sifa, na hapa msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, yule aliyewakataa wafalme amewageukia? Sisi twaona tofauti. Kuwakataa wale waliouza miji ya Waislamu ni jambo moja, na kuwashukuru waliorudisha Balansiya ni jambo jingine. Naye alikuwa bado na shamba lake, wala hakuwa mwombaji wa kusubiri kanzu mlangoni. Hata hivyo hatusemi kwamba kila alilomsifia amiri huyo lilikuwa haki kamili, kwani mashairi ya sifa ni njia yenye utelezi, na mwenye kuipita hata akiwa mwema huchafuka nguo.

Katika mambo yanayostaajabisha ni kwamba mtu huyu hakuoa maisha yake yote. Hatulitaji jambo hilo ili lifuatwe, kwani ndoa ni sunna ya Mtume (S.A.W.), bali tunalitaja kwa sababu latusaidia kufahamu upweke wake alipokuwa mzee. Rafiki zake walikufa mmoja baada ya mmoja, akawalilia kwa mashairi. Mpwa wake, Ibn Az-Zaqqaq wa Balansiya, mtoto wa dada yake, aliyekuwa mshairi mashuhuri aliyefuata nyayo za mjomba wake, alikufa naye angali kijana, na mjomba akabaki. Zile anasa za ujana alikuwa amekwisha ziacha, kama alivyoshuhudia Al-Fat-h bin Khaqan.

Basi Adh-Dhabbi, mwanachuoni wa Andalus aliyekufa mwaka 599 wa Hijra, amepokea khabari ifuatayo. Mzee huyu alikuwa akitoka mjini peke yake, akaenda mpaka akafika baina ya milima miwili. Hapo husimama, na kwa sauti yake yote hujiita kwa jina lake, Ibrahim, na kujiambia kuwa atakufa. Milima humrudishia maneno yale yale kwa mwangwi. Naye hujiita tena, na milima humjibu tena, na haachi mpaka aanguke chini amezimia.

Na tuitafakari khabari hii. Mtu huyu aliishi miaka mingi akivipa viumbe visivyosema ulimi wa kusema. Aliufanya mto ucheke na ua liwe na haya. Yote hayo yalikuwa ni maneno yake aliyovitia midomoni. Sasa amekwenda milimani kuvisikiliza vyenyewe, na kitu pekee kilichorudi ni jina lake na khabari ya kifo chake. Hapana mshairi aliyepata jibu fupi kuliko hilo wala la kweli kuliko hilo.

Katika mashairi yake yote, lililosifika zaidi kwa wanavyuoni wa adabu ni lile la kueleza mlima. Asafiri usiku, peke yake, na giza haliishi. Mbele yake pasimama mlima mrefu unaozuia upepo kila upande na kuzisonga nyota kwa bega lake. Umetulia juu ya jangwa kama mzee anayefikiri, na mawingu meusi yameuzunguka kichwa kama kilemba. Haunenei, lakini katika kiza kile mshairi ausikia ukimsimulia. Wamweleza wangapi wamepita kwake: muuaji aliyekimbilia kujificha, na mtu wa toba aliyekuja kumwabudu Mola wake, na wasafiri wa usiku na wa mchana waliopumzika kivulini mwake. Wote mauti yamewakunja. Msomaji angedhani kwamba mlima utajivuna kuwa wao wamekwenda nao umebaki. Lakini mlima walalamika. Mtikisiko wa miti yake ni kilio, na machozi yake yamekwisha kwa kuagana na wapenzi. Wauliza utabaki mpaka lini hali wenzake waondoka, kisha wainua mikono kumwomba Mola wake rehema. Mshairi alia, kisha apata faraja, akauaga na kushika njia.

Sisi twaona hapa pana ilimu kubwa. Watu wote twaogopa kuondoka, na twadhani kwamba lau tungepewa kubaki tungekuwa tumefaulu. Ibn Khafaja, aliyeishi hata akawazika karibu wote aliowapenda, ametuonyesha kwa ulimi wa mlima kwamba kubaki duniani nako ni adhabu, na kwamba anayebaki hana pa kukimbilia ila kwa Mola wake. Na asiyependa milima isemeshwe katika mashairi akumbuke kwamba Qur'ani imetuambia kila kitu humsabihi Mwenyezi Mungu ila sisi hatufahamu tasbihi zao, na kwamba Mtume (S.A.W.) alisema juu ya Uhud kuwa ni mlima unaotupenda nasi twaupenda. Mshairi akiusemesha mlima uzushi, amepotoka. Akiusemesha haki, huenda amekaribia lile tusilolifahamu.

Alipokwisha kupita miaka 60 aliombwa na rafiki zake ayakusanye mashairi yake. Akayakusanya kwa mkono wake, akayapitia moja moja, akatengeneza yaliyotaka kutengenezwa, akaandika ile dibaji tuliyoitaja, na penginepo akaeleza kwa maneno namna alivyolitunga shairi. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Kwa sababu hiyo diwani yake imetufikia ikiwa na maelezo yake mwenyewe, jambo lisilo la kawaida kwa washairi wa zama zile. Akafa katika mji wake mwezi wa Shawwal mwaka 533 wa Hijra (1139), akiwa na miaka 83 kwa hesabu ya miezi yetu.

Mtindo wake wa kueleza viumbe uliigwa na washairi wa Andalus kizazi baada ya kizazi, mpaka kuanguka kwa Gharnata mwaka 1492. Ama Balansiya ilichukuliwa na Jaume, mfalme wa Aragon, mwaka 636 (1238), na Jazirat Shuqr ikafuata mwaka 1242. Wazao wa Waislamu wa jimbo lile, ambao walikuwa wamekwisha lazimishwa Ukristo, walifukuzwa mwaka 1609. Adhana haikusikika tena. Lakini mifereji ilibaki, na katika lugha ya Kihispania ingali yaitwa acequia, nalo ni neno la Kiarabu as-saqiya. Na mjini Balansiya, kila Alkhamisi saa sita mchana, wakulima waliochaguliwa hukaa baraza mlangoni pa kanisa kuu, mahali ulipokuwa msikiti wa Ijumaa, wakahukumu magomvi ya zamu za maji kwa maneno ya mdomo bila ya karatasi. Mwaka 2009 baraza hilo liliandikwa na UNESCO katika turathi za wanadamu.

Basi tuyarudie maswali yetu. Alikula jasho la shamba lake, na kwa hivyo ulimi wake haukununuliwa na wafalme wa makundi. Alitazama viumbe vya Mungu, na mwanzo uzuri wao ulimlevya, kisha kuharibika kwao kukamzindua. Na mwisho wake alifika baina ya milima miwili akisikia khabari ya kifo chake, hakuziba masikio. Katika sisi wako wengi waliofika mwanzo wake na wachache wanaofika mwisho wake. Mwenye shamba, na mwenye mnazi mmoja uani, na anayepita pwani asubuhi akienda kazini, wote wana mbele yao kitabu kile kile alichokisoma Ibn Khafaja, wala hakihitaji ada wala mwalimu. Kinahitaji jicho lisilokuwa na deni kwa mtu, na moyo ulio tayari kusikia mwangwi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe aliyoyateleza katika ujana wake, na atujaalie sisi na nyinyi kuzinduka kabla ya bustani zetu kuwa majivu. Amin.